Mtoto kapimwa stadi za kijamii, majibu yana viashiria: mzazi aanzie wapi? (Uzi wa wazazi na walimu)

Mama Nuru (mwanzisha uzi)

Habari zenu wanajamvi.

Uzi huu ni kwa mzazi aliyetoka kliniki na karatasi yenye alama, akaambiwa "mtoto ana viashiria", halafu akapangiwa kumwona daktari bingwa miezi kadhaa mbele. Kati ya siku ile na tarehe ile ndipo wengi tunapopotelea. Kuna wanaokaa kimya kusubiri, na kuna wanaomkimbilia kila anayedai anatibu. Mimi nataka tuzungumzie kipindi hicho cha katikati, kwa sababu kuna kazi kubwa mzazi anaweza kuianza nyumbani kabla tatizo halijapewa jina.

Wangu ni wa kiume. Alipimwa akiwa na miaka miwili na kitu kwa dodoso linaloitwa M-CHAT-R, la kuchuja dalili za usonji (autism). Kwa asiyelijua: lina maswali 20 ya ndiyo au hapana, anajibu mzazi, na ni la watoto wa miezi 16 hadi 30. Alama 0 hadi 2 ni hatari ndogo, 3 hadi 7 ni ya kati, 8 na kuendelea ni kubwa. Aliyeangukia kati anatakiwa kuulizwa tena yale maswali aliyokwama, safari hii kwa mifano, kabla ya kusema lolote zito. Kama mtoto wako alipata 5 na hukuhojiwa mara ya pili, rudi uombe mahojiano hayo. Ni sehemu ya kipimo chenyewe.

Sasa sikieni jambo ambalo lilinituliza na kunisukuma kwa wakati mmoja. Utafiti mkubwa wa dodoso hili uliofanyika Marekani na kuchapishwa 2014 ulihusisha watoto zaidi ya 16,000. Kati ya waliobaki na viashiria hata baada ya mahojiano ya pili na wakafanyiwa tathmini kamili, asilimia 47.5 walikutwa na usonji, lakini asilimia 94.6 walikuwa na ucheleweshaji au tatizo fulani la ukuaji. Zisomeni namba hizo mbili kwa pamoja. Anayelia kwamba mtoto wake tayari ana usonji hajafika bado kwenye jibu. Na anayesema "hawa wanatutisha tu, mtoto mzima huyu" naye anakosea, kwa sababu karibu wote walihitaji msaada wa aina fulani.

Sasa turudi kwenye swali la msingi, mzazi aanzie wapi: usiondoke kliniki na jumla ya alama peke yake. Omba nakala ya dodoso, au piga picha. Angalia ni maswali gani hasa. Kwa mwanangu yalikuwa manne: hageuki akiitwa jina, haangalii ninachomwonyesha kwa kidole, haonyeshi kitu ili na mimi nikione, na hachezi michezo ya kuigiza kama kumlisha mwanasesere au kupiga simu ya uongo. Hayo manne ndiyo yakawa ratiba yetu ya nyumbani. Sikuwa na haja ya kutafuta mazoezi mtandaoni, karatasi ilishanionyesha pa kuanzia.

Nianze na kidole. Dodoso linatenganisha kuonyesha ili upewe na kuonyesha ili mwenzako aone, na ni kweli ni vitu viwili tofauti. Mwanangu alipotaka embe alikuwa ananishika kifundo cha mkono na kuusukuma mkono wangu juu kabatini, uso wangu haumhusu kabisa. Basi tukawa tunaweka vipande vya embe kwenye bakuli la kioo, aone ila asifikie. Akija, nachuchumaa macho yetu yalingane, nashika kipande karibu na shavu langu, nasubiri. Nasubiri kwelikweli, naongea kidogo sana. Akinitupia jicho hata nusu sekunde, hapohapo: "Embe!" na kipande anapewa. Baadaye tukaongeza: nashika vipande viwili, embe na ndizi, anachagua kwa kugusa. Baadaye nikasogeza mbali kidogo, mguso ukageuka kuwa kidole. Ilichukua muda, na siku nyingine alikuwa anakasirika anaondoka. Akiondoka simlazimishi.

Cha pili, kuonyesha ili tuone wote, tulikifanya kwa ndege. Tunaishi Kipawa, ndege zinapita chini zikienda kutua. Kila ikisikika tunatoka mlangoni, nanyoosha mkono, nasema "Ndege!" Mwanzoni alikuwa anaangalia kidole changu, hafiki angani. Nikajaribu kupiga magoti nyuma yake, mkono wangu upite pembeni ya shavu lake kabisa, hapo ndipo macho yakaanza kufuata mkono hadi juu. Asiye na ndege atumie kuku, bajaji, mwezi. Chochote ambacho mtoto wako anakipenda.

Karibuni tuchangie. Nitarudi na habari za kuitikia jina.

---

Baba Wawili

Asante sana Mama Nuru, uzi umekuja wakati wake. Sisi tuko Mwanza, binti ana miaka miwili na miezi mitatu, tumepimwa mwezi uliopita, alama 6. Shida yangu iko kwa wazee. Mama yangu anasema mimi mwenyewe niliongea nikiwa na miaka minne, tumwache. Shemeji anasema ana udata (ulimi umeshikwa kwa chini), apelekwe kukatwa ulimi ataongea. Mke wangu kachanganyikiwa. Nisikilize yupi?

---

Tabibu wa Watoto

Baba Wawili, pole, na nikusifu kwa kumpeleka binti mapema.

Nafanya kazi kliniki ya watoto, nijibu moja moja.

Udata upo, na unaweza kumsumbua mtoto kunyonya, au baadhi ya matamshi. Lakini udata haumzuii mtoto kugeuka akiitwa, wala haumzuii kunyoosha kidole. Fikiria mtoto kiziwi ambaye hajafundishwa lugha ya alama: hana neno hata moja, ila anaonyesha kwa kidole, anakuvuta nguo, anakuangalia usoni kama umeelewa. Ana hamu ya kuwasiliana, kilichokosekana ni sauti. Ndiyo maana sisi tukimtathmini mtoto asiyeongea hatuishii kuhesabu maneno. Tunaangalia anatumia nini badala ya maneno. Kwa hiyo kumkata ulimi mtoto ambaye hageuki wala haonyeshi ni kumuumiza bure.

Kuhusu wazee: kweli kuna watoto wanaochelewa kuongea halafu wanakaa sawa. Ila hakuna anayeweza kujua kwa macho ni yupi atakaa sawa na yupi hatakaa. Viashiria ambavyo havisubiri ni hivi: mwaka mmoja bila kubwabwaja wala ishara za mikono, miezi 16 bila neno hata moja, miaka miwili bila kuunganisha maneno mawili ya kwake mwenyewe, na katika umri wowote ule, kupoteza maneno au tabia ya kuchangamana aliyokuwa nayo. Huyo aliyepoteza alichokuwa nacho asisubiri tarehe ya mbali, arudishwe hospitali haraka. Vivyo hivyo mwenye degedege au anayezubaa ghafla mara kwa mara kama amezimika.

Jambo la kwanza kabisa baada ya dodoso, kabla hata ya bingwa: kipimo cha masikio. Nasisitiza. Mzazi ananiambia "anasikia, mlango ukigongwa anashtuka". Kushtuka kwa mlango hakumaanishi anasikia maongezi. Mtoto mwenye maji nyuma ya ngoma ya sikio anasikia kishindo lakini neno linamfikia limefifia, na mafua ya mara kwa mara ndiyo njia ya tatizo hilo. Kuna kipimo ambacho mtoto hahitaji kujibu chochote, kinafanyika hata amelala. Ulizia idara ya masikio, pua na koo katika hospitali ya rufaa iliyo karibu. Na mtoto akikutwa na upotevu mkubwa wa usikivu, isiwe mwisho wa dunia: Muhimbili walianza kupandikiza vifaa vya usikivu mwaka 2017.

Kingine ambacho wazazi wengi hapa kwetu hawakitumii: chanjo ya pili ya surua na rubela ni miezi 18. Wengi wakimaliza ya miezi tisa kadi ya kliniki inawekwa kabatini. Hiyo ya miezi 18 ndiyo nafasi nzuri ya kumuuliza muuguzi: "Mwanangu hageuki nikimwita, naomba aangaliwe." Sema hivyo wewe, usingoje uulizwe, maana foleni ni ndefu na muuguzi ana watoto wengi mbele yake.

---

Kaka Mkubwa TZ

Tabibu umegusia chanjo. Mbona watu wanasema hiyo hiyo ya surua ndiyo inayoleta usonji? Na mwingine kanitumia kwenye group la WhatsApp matone ya kusafisha sumu mwilini, eti mtoto anaongea ndani ya wiki tatu. Laki mbili na nusu.

---

Tabibu wa Watoto

Mkuu, asante kwa kuuliza waziwazi.

Habari ya chanjo na usonji ilitokana na makala moja ya Andrew Wakefield iliyochapishwa Uingereza mwaka 1998, ikihusu watoto 12 tu. Jarida lenyewe liliifuta makala hiyo mwaka 2010 na Wakefield akafutwa kwenye rejista ya madaktari mwaka huohuo. Tafiti zilizofuata, zikiwamo za Denmark zilizofuatilia mamia ya maelfu ya watoto, hazikuona uhusiano. Watu wanaunganisha kwa sababu umri wa chanjo ndio umri ambao dalili huanza kuonekana.

Matone usinunue. Hakuna dawa ya "kusafisha sumu" inayotibu usonji. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliwahi kuwaonya wazazi kuhusu bidhaa ya aina hiyo ambayo ikichanganywa inageuka kuwa dawa ya kung'arishia nguo. Watoto walinyweshwa. Laki mbili na nusu hiyo nenda nayo kwenye kipimo cha masikio.

---

Mama Nuru

Niongezee hapo kwa Kaka Mkubwa. Ukitaka kumpima muuzaji, muulize: usonji wa nani umethibitishwa, na nani alithibitisha? Watapiga chenga. Wanamuuzia mtu ambaye mtoto wake hata hajapewa jibu.

Sasa kuitikia jina. Wengi tunaliua jina la mtoto. Tunaliita mara hamsini kwa siku, na karibu zote ni za kukataza au kumvuta akaoge. Mtaalamu aliyetushauri alitwambia tufanye hivi, na nimeona faida yake: jina liitwe mara chache, ukiwa karibu, na kila likiitwa kifuate kitu kizuri. Naenda hatua moja kutoka alipo, namwita mara moja tu, akigeuka anapata tabasamu, kutekenywa, kubembezwa. Asipogeuka simrudii mara tano. Namgusa bega, anageuka, anapata kilekile. Halafu siku zinavyokwenda natoka hatua mbili, hatua tatu. Amri za kukataza hatuzitangulizi jina.

Michezo ya mwili ilimfungua kuliko midoli. Shuka: mimi nashika ncha huku, baba yake kule, yeye katikati. "Moja… mbili…" halafu kimya. Tunasubiri. Atanyanyua macho kuuliza kulikoni, na hapo ndipo "tatu!" inatoka. Kujifunika uso kwa kanga na kutokea ni hivyohivyo. Siri iko kwenye kile kimya. Mimi nilikuwa mwongeaji sana, baba yake ndiye aliyeweza kusubiri vizuri, akamfundisha na mama yangu.

Na muigeni yeye kabla ya kumtaka awaige. Akigonga kijiko kwenye sufuria, gonga na wewe kwa mdundo wake. Akisimama, simama. Utaona anakuangalia kwa mshangao, anagonga tena kukujaribu. Hayo tayari ni mazungumzo.

Simu na katuni: tumeondoa wakati wa kula na saa moja kabla ya kulala, na hatumwachii simu peke yake. Sisemi simu ndiyo ilisababisha. Nasema zile dakika anazoangalia skrini hakuna anayemsubiri anyanyue macho.

---

Neema_wa_Tabata

Dada Mama Nuru, haya yote mazuri, lakini mimi natoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, narudi saa mbili usiku. Mtoto yuko na dada wa kazi kutwa nzima. Nitayafanya saa ngapi?

---

Mama Nuru

Neema mdogo wangu, swali lako ndilo la wengi wetu hapa mjini.

Usitafute saa ya mazoezi, haipo. Tumia yale ambayo lazima yafanyike: kuoga, kula, kuvaa, kulala. Kumvalisha kuna nafasi ya jina, ya kusubiri mkono wake unyanyuke mwenyewe, ya kuchagua shati jekundu au la bluu. Usiku wako wa nusu saa na Jumapili yako vinatosha kufanya kitu cha maana.

Lakini mwenye masaa ni dada. Mshirikishe kabisa. Sisi tulimweleza dada kwa kumwonyesha, mambo mawili tu: asimpe kitu kabla mtoto hajamwangalia au kugusa, na asimwite kwa kukemea. Tukampongeza kila alipotuletea habari. Yeye ndiye wa kwanza aliyeona mtoto kaonyesha paka ukutani halafu kageuka kuangalia kama dada naye kaona! Alinipigia simu kazini. Kama unaweza kumwongeza mshahara kidogo, mwongeze, maana ukimpoteza huyo mtoto anaanza upya na sura ngeni.

Shirika la Afya Duniani lina mafunzo ya walezi wa watoto wenye ucheleweshaji wa ukuaji, wa miaka 2 hadi 9. Kwa mfumo wa vikundi ni vikao tisa na kutembelewa nyumbani mara tatu. Kuanzia 2022 kuna toleo la mtandaoni la bure. Hayahitaji mtoto awe na jibu la daktari, na yanajengwa kwenye mambo haya haya ya nyumbani: kufuata kinachompendeza mtoto, kutumia shughuli za kila siku. Ombeni hospitali au kituo mlichopo wawaambie kama yanatolewa karibu.

---

Mwalimu wa Awali

Shikamooni wakubwa zangu, marahaba wadogo.

Naona mmezungumzia wadogo wa miaka miwili. Mimi niongelee wale wanaogundulika wakishafika darasani, miaka minne, mitano, sita. Hawa wanaongea, tena wengine wanaongea sana, wanajua namba hadi mia, ila mapumziko yakifika wanazunguka ukuta peke yao. Au wanaingia kwenye mchezo wa wenzao kwa kunyang'anya mpira kwa sababu hawajui unaombaje kucheza.

Mzazi ukipata majibu ya uchunguzi, tafadhali mletee mwalimu. Najua mnaogopa mtoto atapachikwa jina. Lakini mwalimu asiyejua atamwita mtundu, mkaidi, na kiboko kitafuata. Njoo baada ya vipindi, siyo getini asubuhi wakati nina watoto arobaini mkononi. Niambie mambo matatu tu: nini kinamtibua, nini kinamtuliza, na anapenda nini.

Nikisha jua anapenda magari, namkalisha na mwenzake mmoja mpole anayependa magari pia. Mmoja tu. Kosa ninaloliona sana ni kumsukuma mtoto huyu kwenye kundi la watoto kumi na kumwambia "kacheze na wenzako". Kundi ni kelele na sheria zisizosemwa. Na wawili wanahitaji kazi ya mikono ya kufanya pamoja, kupanga vizibo vya soda, kumwagilia maua, siyo kukaa kuongea.

Nyumbani fanyeni vivyo hivyo. Mwalikeni mtoto mmoja wa jirani, Jumamosi, muda mfupi, na mtu mzima awe karibu. Mmalize wakiwa bado wanafurahi, msingoje wagombane. Michezo ya zamu ni mizuri sana: kete, kurushiana mpira, karata za picha. Zamu ionekane kwa macho, mfano mwenye zamu ashike kofia. Kwa mtoto huyu "ngoja kidogo" ni maneno yasiyo na mwisho, kofia inamwambia ukweli. Kombolela ni nzuri, ila mfundisheni sheria nyumbani kwanza na kaka au dada yake, kabla ya kumpeleka uwanjani akachekwe.

Na kitu cha kuigiza: maneno ya kuingilia mchezo. "Na mimi nicheze?" Mfanye arudie na wewe kwa mwanasesere, kwa mjomba, kwa bibi, hadi yamkae mdomoni. Nimeshuhudia mtoto wa darasa langu aliyefundishwa sentensi hiyo moja na mama yake. Alisimama pembeni ya mchezo wa rede akaisema kwa sauti ndogo sana, hakuna aliyesikia. Mwenzake wa magari ndiye aliyemsikia, akamvuta mkono.

Mabadiliko mwambieni mtoto mapema. Kesho hakuna shule, kesho mwalimu mwingine, leo tunapitia sokoni. Mchoreeni picha kwenye karatasi: kuamka, kunawa, uji, shule, nyumbani. Mnafuta kila kimoja kikiisha.

---

Mama wa Likoni

Hamjambo ndugu zetu wa Bara. Niongeze ya Kenya. Huku kwetu kuna vituo vya tathmini ya elimu, vinaitwa EARC, vilianza mwaka 1984 na sasa viko kila kaunti. Mzazi aweza kwenda mwenyewe na mtoto. Wanamtathmini, wanakupa ripoti na kukushauri ni shule gani imfaa, ya kawaida kwa msaada au kitengo maalum. Ripoti hiyo itunzeni vizuri, ndiyo mtakayoulizwa shuleni. Ukitaka kumsajili kwa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, hiyo ni njia nyingine, yahitaji tathmini ya daktari katika hospitali iliyoidhinishwa. Msichanganye mbili hizo mkapanga foleni siyo yenu.

Na jambo jingine, mama. Usiende peke yako. Nenda na baba wa mtoto, ama ndugu yako, mtu wa kuandika wanayosema. Ukiwa na mtoto analia mapajani hutasikia nusu ya maneno.

---

Mama Wawili Kentucky

Mimi nimetoka Uvira, sasa niko Marekani na familia. Nawaandikia Waswahili wenzangu wa huku, kwa sababu wengi hawajui haki hii. Kama mtoto hajatimiza miaka mitatu, unaweza kupiga simu mwenyewe kwa programu ya jimbo ya watoto wadogo, hata bila barua ya daktari. Kuanzia siku wanapopokea ombi wana siku 45 za kumtathmini na kukaa nanyi kupanga msaada. Tathmini ni bure, na wanatakiwa kuwapa mkalimani, siyo mtoto wako mkubwa awatafsirie. Akishafika miaka mitatu ni kazi ya wilaya ya shule, andika ombi lako kwa maandishi.

Pia msikubali mtu awaambie muache Kiswahili nyumbani ili mtoto "asichanganyikiwe". Watafiti wameangalia watoto wenye usonji wanaolelewa kwa lugha mbili, hawakuona inawadhuru. Mama akiongea lugha anayoijua vizuri ndipo anaweza kucheza na mtoto kwa raha.

---

Baba Wawili

Nimesoma yote na mke wangu kando yangu. Masikio tunaenda wiki hii. Swali: siku ya bingwa tukifika tunabeba nini? Binti akiona watu wageni ananyamaza kabisa au analia, daktari ataona nini?

---

Tabibu wa Watoto

Beba video. Fupi fupi, dakika moja moja, za nyumbani: akila, akicheza peke yake, ukimwita jina huku kamera imetulia, akitaka kitu. Chukua na zile ambazo amefanya vizuri, siyo za vituko tu. Beba kadi ya kliniki, nakala ya dodoso, majibu ya masikio. Andika kabla ya kufika: alikaa lini, alitembea lini, maneno aliyonayo, maneno aliyowahi kuwa nayo yakapotea, usingizi ukoje, anakula nini, kuna nani kwenye ukoo aliyechelewa. Hapo habari ya bibi kwamba wewe uliongea na miaka minne ina kazi, mwambieni daktari. Na mwambie mama yako umeitumia, atafurahi.

Uliza maswali mawili kabla ya kutoka: tufanye nini nyumbani hadi tarehe ijayo, na nani wa kumpigia akibadilika. Wataalamu wa tiba ya usemi nchini ni wachache mno, hivyo mara nyingi utampata mtu wa tiba kwa vitendo (occupational therapy, anayemsaidia mtoto kumudu shughuli za kila siku) au muuguzi wa afya ya akili ya watoto kabla yake. Usikatae. Kwa mtoto mdogo kazi zao zinaingiliana sana.

Kwa walio Dar, Muhimbili kuna kliniki ya afya ya akili ya watoto. Shule ya msingi Msimbazi Mseto ina kitengo cha watoto wenye usonji. Lukiza Autism Foundation na chama cha watu wenye usonji, NAP-T, wanakutanisha wazazi, na mzazi aliyekutangulia atakueleza mlango upi uko wazi kuliko mimi. Kwa Kaskazini, hospitali ya KCMC Moshi ndiko kilipo chuo cha tiba kwa vitendo.

---

Neema_wa_Tabata

La mwisho kwangu. Jirani yangu mtoto wake ana miezi 19, kapimwa, kapata alama 1. Kaambiwa hatari ndogo. Anasherehekea, anasema amemaliza.

---

Tabibu wa Watoto

Afurahi, ni habari njema. Ila kwa sababu alipimwa kabla ya miaka miwili, maelekezo ya dodoso yanataka apimwe tena akishatimiza miezi 24, maana kuna watoto ambao dalili zao zinajitokeza baada ya hapo, na kuna wanaopoteza maneno katikati. Aandike tarehe kwenye kadi ya kliniki sasa hivi, ukurasa wa mahudhurio. Na kama moyo wake una wasiwasi kabla ya tarehe hiyo, aende bila kujali hiyo alama 1.